Unguja au Mafia: familia ya nyanda za juu kusini iende kisiwa kipi?

Familia yenye watoto wa chini ya miaka sita na likizo ya siku tano hadi saba iende Unguja, na ndani ya Unguja ielekee kaskazini, Kendwa au Nungwi. Wenye watoto wa miaka minane na kuendelea wanaojua kuogelea, siku nane au zaidi mkononi, na hamu ya mahali pasipo na muziki wa baa usiku, watafurahia zaidi Mafia. Mwenye siku nne tu asihangaike kuvuka. Pa kwake pako mwishoni mwa ulinganisho huu.

Kinachoamua ni mambo matatu: safari, maji kupwa na kujaa, na homa. Mchanga hausaidii kuchagua. Kote ni mweupe, na picha zote za matangazo zimepigwa maji yakiwa yamejaa.

Safari inayokula likizo

Kabla ya kisiwa kuna Dar es Salaam, na kabla ya Dar kuna barabara. Kutoka Mbeya ni kilomita zipatazo 830, kutoka Iringa zipatazo 500. Basi linalotoka Mbeya alfajiri huingia Dar jioni au usiku, na hapo Kitonga iwe imeruhusu: lori moja likikwama kwenye kona, foleni inaweza kuwashikilia kwa saa kadhaa. Basi linashusha Mbezi, kituo cha Magufuli, na bandari ya boti za Zanzibar iko katikati ya jiji, zaidi ya kilomita 20 mbele. Kwa hiyo lazima mlale Dar usiku mmoja, na mlale upande wa mjini, siyo Mbezi wala Kimara, maana foleni ya asubuhi ya Barabara ya Morogoro haina huruma na mtu mwenye tiketi. Boti ya kwanza, ile ya saa 1 asubuhi, waachieni wafanyabiashara. Watoto walioshuka basi usiku wakiwa wamevimba miguu wakatieni boti ya katikati ya asubuhi au ya mchana.

Wenye gari lao wagawanye safari: wa Mbeya walale Morogoro, wa Iringa wanaweza kufika moja kwa moja. Ndani ya hifadhi ya Mikumi shikeni mwendo ulioandikwa, kwani kumgonga mnyama kuna faini, na twiga hatazami taa. Kabla ya kulipia chumba Dar, ulizeni kama gari linaweza kubaki hapo siku zote mtakazokuwa kisiwani.

Treni ya TAZARA kutoka Mbeya au Makambako watoto huipenda kuliko basi, kwa sababu wanalala na kutembea. Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, la pili sita. Wanaume na wanawake hutenganishwa isipokuwa mmekata chumba kizima, hivyo familia ya watu wanne ikate chumba chote cha daraja la kwanza. Lakini ratiba hubadilika na treni huchelewa. Ulizeni stesheni wiki moja kabla, na msiiunganishe na ndege au boti ya siku hiyohiyo.

Ndege ya Songwe hadi Dar inachukua zaidi kidogo ya saa moja, na kwa familia ndiyo inayorudisha siku mbili za likizo. Kama bajeti inaruhusu kupanda ndege upande mmoja tu, pandeni wakati wa kurudi, siku ambayo kila mtu amechoka na hela ya njiani imekwisha. Desemba ni mvua huku juu, mawingu hushuka na ndege huweza kuchelewa. Acheni nafasi ya saa kadhaa mbele yake.

Kutoka Dar ndipo njia zinapoachana. Unguja kwa boti ya kasi ni kama saa mbili, kwa ndege dakika 20. Boti zipo kila siku, zaidi ya moja, kwa hiyo ikiwapita moja hamjaharibikiwa. Tiketi zinaandikwa kwa majina: bebeni vitambulisho vya taifa vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hata mtoto wa kubebwa aandikishwe. Baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012, hakuna sababu ya kupanda chombo ambacho jina lako halimo kwenye orodha yake. Raia hulipa kwa shilingi na nauli yake ni ndogo kuliko ya mgeni. Mkiwa na mkwe au rafiki kutoka nje ya nchi, yeye anatakiwa pia kuwa na bima ya wageni ya Zanzibar ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024. Watanzania haiwahusu.

Mafia ina njia mbili na zote zina masharti. Ndege ndogo kutoka Dar huchukua dakika 30 hadi 40, lakini mzigo ni kilo 15 hivi kwa mtu, kwenye begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halipendwi kwa sababu haliingii vizuri kwenye tumbo la ndege. Ndege hizo huondokea jengo tofauti na la ndege kubwa, kwa hiyo anayeshuka kutoka Songwe ahesabu muda wa kuhama na mabegi. Njia ya pili ni ya chini: Mkuranga, Bungu, mkato wa kwenda Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni, kama saa nne majini. Nyamisati iko ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na vyombo huondoka kwa kufuata maji. Saa ya kuondoka inaweza kuwa alfajiri leo na mchana kesho kutwa. Familia inayotoka Mbeya kwa basi itafika Mafia siku ya tatu. Ndiyo maana siku saba hazitoshi: ukitoa za kwenda na kurudi, mnabaki na siku moja au mbili tu za bahari.

Bahari inapoondoka

Hili ndilo jambo ambalo mtu wa Njombe au Tukuyu halijui, kwa sababu ziwa haliendi popote. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni wakati wa bamvu: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita 3 hadi 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi.

Sasa tazama saa zinavyoangukia. Kwenye pwani yetu, siku za bamvu maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi kwenye saa 4 maji yamejaa, na hata yakikupwa alasiri hayaendi mbali. Kwa hiyo familia iliyofika Paje, Jambiani, Bwejuu au Matemwe siku ya mwezi mpevu itaamka, itakunywa chai, itavaa nguo za kuogelea, na kukuta uwanja wa mchanga na mwani hadi kwenye mwamba, mahali pengine kilomita nzima. Watoto wanaanza kulia, na baba anaenda mapokezi kuuliza bahari iko wapi. Waliofika wiki iliyofuata, hotelini humohumo, wanasema hawajapata kuona pazuri vile.

Basi mkiipenda pwani ya mashariki, angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, na lengeni siku tatu kabla na tatu baada ya nusu mwezi. Kendwa na Nungwi hazihitaji hesabu hiyo, kwa sababu ufuko unashuka kwa kina karibu na nchi kavu na maji hayaendi mbali. Faida hiyohiyo ina upande wake: hatua chache tu na mtoto amezama hadi kidevuni. Mtoto asiyejua kuogelea awe ndani ya urefu wa mkono wa mtu mzima muda wote, siyo ndani ya macho yake tu.

Mafia, ghuba ya Chole upande wa Utende, ina mikoko na tope maji yakikupwa. Anayetegemea kutoka chumbani na kuingia baharini saa yoyote atanuna. Kuogelea kwa raha ni kwa mashua: nahodha anawapeleka kwenye fungu la mchanga au kwenye matumbawe kwa saa inayolingana na maji, na anawarudisha kabla hamjakwama. Mipango ya siku huamuliwa na bahari, kwa hiyo msibishane naye akisema safari ni saa 12 asubuhi.

Kuna hatari mbili zinazowapata wageni wa bara zaidi ya wenyeji. Ya kwanza ni kutembea hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, halafu kubaki huko mkiokota vitu. Maji yanaporudi hayaanzii mbele yenu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma, kati yenu na ufuko, na kilichokuwa cha kifundo cha mguu kinakuwa cha kifua. Geukeni mara tu maji yanapoanza kurudi. Ya pili ni milango ya mwamba, kama mlango wa Kinasi kule Chole. Maji yakikupwa yanatoka kwa nguvu kupitia hapo, na si mahali pa mtoto hata akiwa na boya.

Na viatu. Kwenye mwamba kuna viumbe weusi wenye miiba kama sindano, inayokatikia ndani ya unyayo. Viatu vya raba vya zamani vinatosha kabisa. Ndala hubaki kwenye tope.

Watoto watafanya nini siku ya tatu

Siku ya kwanza kila ufuko unatosha. Siku ya tatu ndiyo inayopima kisiwa, na hapa Unguja inashinda kwa watoto wadogo. Kobe wakubwa wa Changuu, ambao asili yao ni Aldabra huko Shelisheli, wako nusu saa kwa mashua kutoka mjini. Kima punju wa msitu wa Jozani wanaonekana karibu bila kutembea sana. Nungwi, Mnarani, kuna bwawa la kasa. Jioni moja mlale Mji Mkongwe na mwende Forodhani kula urojo, mishkaki na juisi ya miwa. Chagueni kinachotoka motoni mbele yenu, na samaki au pweza aliyekaa mezani tangu alasiri mwacheni. Mvua ikinyesha, mji una mahali pa kujificha.

Mafia haina hayo. Ina kisiwa cha Chole chenye magofu yaliyomezwa na mizizi ya miti na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kweupe, ina magofu ya Kua kule Juani, na ina bahari yenyewe, ambayo tangu 1995 iko ndani ya hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania. Mtoto anayeweza kuvaa miwani ya kuzamia na kupumua kwa mrija bila hofu ataona samaki na matumbawe kuliko atakavyoona popote Unguja. Asiyeweza atakaa kwenye mashua akiuliza tunarudi saa ngapi. Mfundisheni nyumbani kabla ya safari, hata kwenye beseni: uso majini, mrija mdomoni, pumua taratibu kwa dakika tano. Akishindwa kwenye beseni, chagueni Unguja.

Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Watoto wa chini ya miaka minane wamtazame wakiwa ndani ya mashua, kwa sababu kumfuata ni kuruka kwenye maji ya kina na kuogelea kwa kasi. Wakubwa wakae mbali naye angalau mita 3, wasimguse, wasimkatize mbele. Mashua isiyo na jaketi za kuokolea za saizi ya mtoto msiipande, hata ikiwa ya bei rahisi. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini.

Msichukue makombe wala vipande vya matumbawe kwenye hifadhi. Na katika visiwa vyote viwili, ukitoka ufukoni kuingia kijijini, mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja kwa kila mwanamke na msuli au kaptula ndefu kwa mwanamume hutatua hilo.

Juni au Desemba

Shule zinatupa nafasi kubwa mbili. Juni upepo ni kusi: mvua za masika zimekwisha, hewa ni ya kupendeza kwa mtu aliyezoea baridi, vyumba vinapatikana. Bahari lakini inachafuka, na boti ya kurudi Dar inakwenda ikikabili mawimbi. Watoto wanaotapika wakae siti za chini, katikati au nyuma, wale kidogo saa moja kabla, na dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya boti kung'oa nanga, kwa kuwa baada ya hapo haikai tumboni. Mafia ya Juni haina papa potwe, ila kasa wadogo huanguliwa kule Juani katika miezi hiyo ya katikati ya mwaka. Ulizeni siku ya kiota kabla ya kupanga.

Desemba kaskazi imeanza, bahari imetulia, joto ni kali. Mafia iko kwenye ubora wake. Unguja inajaa kuanzia Krismasi hadi wiki ya kwanza ya Januari na bei zinapanda. Nendeni mara tu shule zikifungwa, mrudi kabla ya Krismasi. Aprili na Mei msiende kokote. Masika hufunga hata baadhi ya hoteli.

Homa, na jua

Watoto waliokulia Makete, Njombe, Mufindi au Mbeya mjini hawajazoeana na malaria, kwa sababu baridi ya huku haimpi mbu nafasi. Miili yao haina kinga ambayo mtoto wa pwani ameijenga. Unguja imeishusha malaria hadi kiwango kidogo sana. Mafia, yenye joto, unyevu na mikoko, ina malaria zaidi. Kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano, hili peke yake linatosha kuchagua Unguja. Popote mtakapokwenda, ulizeni kama kila kitanda kina chandarua, kikiwemo kile cha nyongeza cha mtoto, maana hicho ndicho husahaulika. Jioni mikono mirefu na dawa ya kupaka. Zungumzeni na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka. Huanza kumezwa kabla ya safari.

Joto lenyewe huleta harara shingoni na mgongoni kwa watoto waliozoea sweta. Kuwaogesha maji baridi yasiyo na chumvi kila wanapotoka baharini na kuwavalisha pamba huimaliza. Bebeni pakiti tano za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, kila moja kwa lita 1 ya maji safi. Kati ya saa 5 na saa 9 wawe kivulini, na wakiwa majini wavae fulana, kwa sababu jua hupiga pia kutokea kwenye maji.

Hela inakokwenda

Unguja ushindani ni mkubwa, kuna gesti hadi hoteli za kifahari, na anayepiga simu moja kwa moja kuuliza bei ya Mtanzania mara nyingi hupata nafuu kuliko anayelipia kwenye tovuti. Kinachomaliza hela ni teksi: kutoka mjini hadi Nungwi ni kilomita zipatazo 60. Daladala namba 116 inafika kwa bei ndogo sana, lakini na mabegi na watoto watatu, mtajuta. Kodini gari moja la kwenda na jingine la kurudi, na katikati mkae mahali pamoja. Kwa familia ya watu watano au zaidi, nyumba yenye jiko hushinda vyumba viwili: samaki hununuliwa ufukoni, na mchele wa Kyela kilo 5 haumshindi mtu wa Mbeya kubeba.

Mafia vyumba ni vichache, na bei nyingi ni za chakula chote pamoja. Huonekana kubwa hadi ukumbuke kwamba Utende hakuna migahawa ya kuzungukia. Ongezeni kiingilio cha hifadhi, kinacholipwa kwa kila mtu kwa kila siku. Raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni, akionyesha kitambulisho. Nafuu ni kulala Kilindoni, kilomita zipatazo 15 kutoka Utende, na kwenda kwenye ghuba siku mlizopanga mashua. Toeni fedha taslimu Dar, au kwa kuchelewa sana Kilindoni.

Mwenye siku nne

Wa Iringa na Mafinga wanaweza kufika Dar na kwenda kisiwani kwa siku moja tu: Mbudya, kwa mashua fupi kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani. Ni visiwa vidogo kweli, maji safi, samaki wa kukaanga, vibanda vya makuti. Nendeni katikati ya wiki, kwa kuwa Jumapili hapakaliki. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, lita 2 kwa kila mtu, na mrudi na mashua ya mapema kabla ya upepo wa alasiri.

Wa Mbeya, Tukuyu na Rungwe washuke Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Siyo kisiwa, lakini hapo mnaogelea chini ya milima ya Livingstone, maji hayana chumvi, hayakupwi, na safari haifiki hata nusu siku. Mashua huwapeleka Ikombe kwa wafinyanzi wa vyungu wa Kikisi. Mambo ya kuangalia: upande huo wa Kyela kuna malaria, kwa hiyo chandarua ni lazima, midomo ya mito ina mamba, ogeleeni mbali nayo, na maji yaliyotulia yenye majani yanaweza kuwa na kichocho. Chagueni ufuko wa wazi wenye mawimbi, mjikaushe kwa taulo mara mtokapo, na wiki sita hadi nane baadaye wapimwe wote.

Homa ya mtoto yeyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, iwe ni kutoka Mafia, Unguja, Dar au Matema, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo na mseme mapema mlikuwa wapi. Muuguzi wa huku juu haoni malaria kila siku, na bila kuambiwa anaweza kuanza na mafua. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20.